Shimo la Mgeni Rasmi

Tarehe 5 Juni inakaribia, na shimo mbele ya ofisi ya mtaa wetu limeshafukuliwa. Ni lile lile la mwaka jana. Kijiti kikavu kimeng'olewa, udongo umelainishwa ili mgeni rasmi asitoke jasho, na koleo limepakwa rangi ya kijani.

Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe hiyo kuwa Siku ya Mazingira Duniani mwaka 1972, mwaka wa mkutano wa Stockholm. Huko Juni kila kitu kimechanua. Hapa Dar es Salaam masika yameshaaga, kwa hiyo mche unapigiwa makofi wakati mvua imekwenda zake.

Hotuba itakemea ukataji miti kwa ajili ya mkaa. Nyuma ya hema, pilau la wageni litakuwa linapaliwa makaa, juu na chini. Wakiondoka watatuachia chupa za maji, nyingine hata nusu hazijanywewa, na fulana za kaulimbiu ambazo kufikia Agosti zitakuwa matambara ya kudekia.

Kwani lipi limewahi kubadilika? Rambo, ule mfuko wa plastiki. Na rambo halikuondolewa na ngonjera. Liliondolewa na katazo la 1 Juni 2019 lenye faini na kifungo, na muuza nyanya akalielewa bila kuchezewa ngoma.

Basi njooni, viti vipo. Mche wa mwaka huu ni mwarobaini. Zamu ya kuumwagilia haijapangwa.