Shangazi wa Shauri Moyo: Simba Hajakuomba Umtetee

Barua za wiki hii karibu zote zina manyoya. Walioniandikia kuhusu wachumba na mahari wanivumilie hadi toleo lijalo.

*Kwako Shangazi. Nina binti niliyemlea tangu mchanga. Wiki hii yote halali. Analia usiku kucha, anajigaragaza sakafuni mbele ya wageni bila haya, na wanaume wanne wamepiga kambi juu ya mabati wakimngoja atoke. Majirani wamenipa hadi Jumapili. Ana miezi sita tu. Nikimgusa mgongo anainua mkia. Baba Mlezi, karibu na soko la Burma.*

Baba Mlezi, siku nyingine anza na mkia. Nilikuwa nimeshashika simu kuita polisi.

Binti yako ameingia kwenye joto, na kumfungia ndani ni kuahirisha kelele tu. Kwa kawaida paka haachilii mayai mpaka apandwe. Asipopandwa hutulia siku chache, kisha baada ya wiki mbili tatu anaanza upya, na wale wanne juu ya mabati wanarudi na marafiki. Akipandwa, hesabu siku 63 hivi huenda ukawa na watoto wanne au zaidi chini ya kitanda, na anaweza kushika mimba nyingine kabla hajawaachisha ziwa.

Mpeleke akafungwe uzazi. Daktari humlaza kwa dawa, hufungua tumbo kidogo, hutoa ovari na mfuko wa uzazi, akashona. Miezi sita si mapema. Wengine hupenda joto litulie kwanza, kwa kuwa mishipa huwa imejaa damu, kwa hiyo waombe majirani muda zaidi. Watu wanaovumilia spika za kesha kila Ijumaa hawatashindwa na paka mmoja.

*Shangazi, paka wetu amezaa. Mmoja mweusi, mmoja wa chungwa, wawili wana madoa. Mke wangu anashikilia kwamba baba ni dume la jirani wa nambari kumi, ambaye ni mweusi tititi. Tunaweza kumpeleka jirani kwa chifu atoe matunzo? Babu wa Wanne.*

Babu, chifu ana kesi za kutosha. Isitoshe utashindwa. Paka akipandwa na madume kadhaa katika joto moja, kila mtoto anaweza kuwa na baba yake tumboni humo humo. Unaweza kuwa unawadai watu watatu, na mmoja wao anaishi paa la bucha hana anwani. Okoa nauli ya kwenda kwa chifu. Watoto wakiacha kunyonya, itumie kumpeleka mama yao kliniki.

*Shikamoo Shangazi. Mke wangu anataka tumhasi mbwa wetu Simba. Mimi kama mwanamume nimekataa. Mwanamume mwenzangu nitamfanyia hivyo kweli? Atakuwa mnyonge, ataacha kubweka, wezi watamcheka. Na angalau aonje utamu wa kuwa baba mara moja kwanza. Fundi wa Masanduku, Kamukunji.*

Marahaba. Fundi, nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta Simba, na kila mara nakukuta wewe.

Simba hana ukoo wa kuendeleza. Hana mjomba atakayemuuliza Krismasi mbona hana mtoto wa kiume. Hajui neno baba. Akizaa, ni kwa dakika chache kando ya barabara, na hataulizia karo. Aibu unayomwekea ni yako, na ungemwachia mkeo nafasi ya kusema angekwambia hivyo bila kulipia gazeti.

Kubweka hakutoki huko unakodhani. Mbwa hulinda mlango kwa sababu ndipo kwake na wewe ndiye umlishaye. Kinachopungua ni kutoroka. Dume akinusa jike mwenye joto, hata akiwa mbali, ataruka ukuta na kuvuka Jogoo Road bila kuangalia matatu. Huko aendako anapigana, na kuna jambo baya zaidi. Upo uvimbe ambao mbwa huambukizana wakipandana. Hautoki kwa kijidudu. Chembe zenyewe za saratani ndizo huhama kutoka mwili huu hadi ule na kuota sehemu za siri, mpaka mbwa anatokwa na damu. Tiba yake ya kawaida ni sindano za vinkristini, dawa wanayopewa pia binadamu wenye saratani, wiki baada ya wiki. Piga hesabu ya bei ya hizo kabla hujaniambia upasuaji ni ghali.

Akishahasiwa usimwachie getini siku hiyo hiyo, maana mbegu zilizobaki kwenye mirija zinaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa. Mpunguzie ugali, atanenepa. Na kuhasiwa si chanjo: Kenya ilijiwekea 2030 kuwa mwaka wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa, na Simba bado anadaiwa sindano yake ya kila mwaka.

*Shangazi, kuna jamaa Gikomba anahasi kwa wembe na majivu, dakika mbili, bei ya soda. Niende? Mpenda Nafuu.*

Usiende. Sheria ya 2011 inataka anayetibu wanyama awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwulize jamaa nambari yake ya usajili uone atakavyokumbuka ghafla kwamba ana shughuli. Mwulize pia dawa ya usingizi iko wapi.

Kwa daktari wa kweli, uliza bei mapema: jike hugharimu zaidi ya dume kwa sababu tumbo linafunguliwa, na mbwa mzito zaidi ya mwepesi kwa sababu dawa hupimwa kwa kilo. Mnyama mzima asile tangu usiku wa kuamkia upasuaji. Atarudi na kola ya plastiki shingoni inayomfanya aonekane amevaa dishi la televisheni. Watoto wa ploti wacheke, lakini usiivue. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Pa kumpeleka: KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, iko Karen na shirika lenyewe lipo tangu 1910. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya wanyama Kabete. Paka mtie kwenye katoni yenye matundu, uifunge vizuri, na umlipie makanga kiti kabla hajauliza ndani kuna nini.

*Je, dini inaruhusu? Mama Nyau, Pumwani.*

Mama, Shangazi hatoi fatwa. Msikiti wa Riyadha uko hapo hapo kwenu. Masheikh wana maoni tofauti kuhusu jambo hili, basi uliza vizuri, na ueleze pia watoto wa paka wako wa mwaka jana walipelekwa wapi.

Sasa mnisikilize nyinyi mnaoacha katoni za watoto wa paka mlangoni kwangu alfajiri mkikimbia na viatu mkononi. Nawajua kwa sauti ya kukohoa. Wangu wawili wamehasiwa, nyumba ni ya chumba kimoja, na maziwa yamepanda bei. Wiki hii mpelekeni mama yao kliniki, na katoni hiyo ndiyo mumbebee.