Hotuba ya Pedeli, Iliyotolewa Shangani na Bingwa Mwenyewe

Wazee wetu, mabibi na mabwana, na wewe kijana unayetafuna korosho kwa kelele: tulieni, elimu imefika.

Mmezoea kuitiwa mikutano ya stakabadhi ghalani na gesi. Leo nimewaita kwa jambo zito zaidi: pedeli. Anayenong'ona huko nyuma kwamba uprofesa huu sijui nimeupata wapi, ajue nimejipa mwenyewe, maana Mtwara nzima hakukuwa na mwingine mwenye sifa za kunipa.

Ulaya wana pedeli zinazonasa kiatu. Zilizovuma ni za Look ya Ufaransa, watengenezaji wa vifungio vya viatu vya kutelezea kwenye theluji, waliozitoa mwaka 1984. Mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Bernard Hinault akazitumia na kutwaa mbio za Tour de France. Theluji, jamani! Hinault angepita Msimbati tungeonana. Kule mchanga ukishika gurudumu, baiskeli husimama ghafla, na aliyenaswa hujinasua kwa kusukuma kisigino kuelekea nje, jambo ambalo mgeni hulikumbuka akiwa keshalala chini.

Lakini zifungue. Nyingi ndani ni zilezile za baiskeli ya Phoenix ya mchuuzi wa samaki: ekseli, gololi, koni, nati. Na adui ni yuleyule. Upepo wa hapa Shangani unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, chuma kinaota kutu. Mchanga laini ukipenya, grisi inageuka msasa. Mnasikia pedeli inalia kwii, kwii hadi Mikindani, mnasema baiskeli imezeeka!

Chukueni spana namba 15. Pedeli ya kulia inafunguka kinyume cha mwendo wa saa, kama nati yoyote yenye adabu. Ya kushoto inafunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Nimeshuhudia wanaume wazima wamepanda juu ya spana kwa miguu yote miwili, wanaikaza kwa nguvu za ukoo mzima huku wakilaani kutu.

Ikitoka, ondoa kifuniko, nati, washa. Kabla ya kugusa koni, tandika kitambaa, kwa sababu gololi haina uaminifu. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, paka grisi nzito vikombeni, zipange gololi juu yake, grisi itazishika. Rudisha koni mpaka ekseli izunguke bila kukwama na bila kuchezacheza, kisha kaza nati. Ile oili chafu ya bodaboda mnayomiminia kwa juu inakaribisha mchanga tu. Mafuta ya nazi yarudi jikoni.

Sasa vitendo. Nimechukua baiskeli ya mwalimu mstaafu aliyekaa mbele. Ruhusa yake tutaizungumza baadaye. Kitambaa? Mkono wa bingwa hauhitaji kitambaa. Natoa nati... washa... koni...

Asinyanyuke mtu! Gololi imeelekea kwenye meza ya vitumbua. Mama, shikamoo, sogeza kidogo hilo karai. Hapana, hiyo ni ya watoto, ina rangi ya kijani ndani.

Haidhuru. Sisi wataalamu tunajua kwamba gololi hazitakiwi kubanana. Lazima libaki pengo dogo. Hili ninaloliacha ni pengo la kitaalamu. Mwalimu, kaa tu, kaa. Ya kushoto sijaigusa bado.