Mtaalamu wa Jumapili

Msafiri wetu wa kisasa akitua Seoul Ijumaa, Jumapili jioni ni mtaalamu wa Korea. Msikilizeni. Ameonja "ladha halisi" katika soko la Gwangjang, lililofunguliwa 1905, na ladha hiyo ni choroko zilizosagwa, zikakaangwa kwa mafuta mengi. Nyumbani akipikiwa choroko hununa. Kule anazipangia foleni na kuzipiga picha kabla hazijapoa. Tteokbokki, vipande vya unga wa mchele kwenye rojo la pilipili, ilimtoa machozi. Ya furaha, anasema.

Usiku akahamia Hongdae, mitaa inayozunguka Chuo Kikuu cha Hongik. Alikesha, eti kwa mapenzi ya muziki. Kumbe treni za chini ya ardhi husimama karibu na usiku wa manane hadi alfajiri, na bei ya teksi ilimtisha. Wangapi tunaowaita wapenda starehe ni abiria tu wanaosubiri usafiri!

Asubuhi, macho mekundu, akavamia maduka ya anime, akatoka na mfuko wa vinyago vya plastiki akitangaza kwamba amegusa utamaduni wa Kikorea. Anime ni katuni za Wajapani, bwana. Tena Korea Kusini ilianza kuufungulia milango utamaduni wa Kijapani mwaka 1998. Kabla ya hapo katuni zao nyingi zilipenya kwenye televisheni kwa kuvishwa majina ya Kikorea. Mwambie hayo uone. Atakujibu kwa Kikorea: anayo maneno mawili, yote ya kuagizia pombe ya soju.