Sifa za Swichi ya Kioo cha Gari Kuukuu

Swichi ya kioo cha gari ni kipande cha plastiki kinachokaa mlangoni, karibu na kiwiko cha dereva, na ambacho hakitajwi gari linapouzwa. Muuzaji husifu injini, hupiga matairi teke, hufungua boneti. Swichi hainyooshewi hata kidole. Hata hivyo hakuna kiungo kingine cha gari kinachoweza, kwa kunyamaza tu, kumlazimisha mtu mzima afungue mlango wote ili aitikie salamu. Katika Katindo, mtaa wa Goma unaopokea magari ambayo ujana wao ulikwisha zamani huko Japani, kunyamaza huko ni jambo la kila siku, na kumetukanwa vya kutosha. Zamu ya kusifiwa imefika.

Ukoo wa swichi hii si wa chini. Vioo visivyohitaji mkono wa kuzungusha vilionekana kwenye gari la Packard la mwaka 1940, vikisukumwa na mafuta ya haidroli, navyo vilikuwa starehe ya matajiri wa Marekani. Starehe hiyohiyo sasa imo ndani ya teksi ya Goma yenye abiria wanne nyuma, gunia la makaa kwenye buti na kuku chini ya kiti. Haijaacha majivuno ya ukoo wake: hufanya kazi siku inapopenda.

Utendaji wake ni wa busara. Mota ya kioo ina nyaya mbili. Swichi ikiwa imetulia, nyaya zote mbili hurudi kwenye hasi ya betri, na kioo husimama. Buto, yaani kitufe, ikibonyezwa upande mmoja, waya mmoja hupewa volti 12 na kioo hupanda. Ikibonyezwa upande wa pili, hupewa ule mwingine, mota huzunguka kinyume, kioo hushuka. Katika magari mengi ya zamani ya Kijapani, swichi ya abiria haiendi yenyewe kwenye hasi, bali hupitia swichi kuu ya dereva. Kwa hiyo ndimi za shaba za swichi kuu zikichafuka, kioo cha abiria wa nyuma hukwama ilhali swichi yake ni nzima kabisa. Wahenga waliposema mkubwa ni jalala hawakuwa wameona gari, lakini waliielewa saketi hii: lawama za milango yote minne hutupwa kwenye mlango mmoja.

Na jalala hilo hupokea taka za kweli. Goma imejengwa juu ya lava. Ile ya volkano ya Nyiragongo iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Ya tarehe 22 Mei 2021 ilifika kwenye vitongoji vya kaskazini. Makoro, yaani mawe ya lava, yamo kwenye kuta, kwenye nyua na chini ya barabara, na matairi huyasaga kuwa vumbi jeusi. Lava iliyopoa haraka huwa na kioo ndani yake, kwa hiyo kinachokwamisha kioo cha gari ni chembe za kioo, mambo ya ndugu kwa ndugu. Moshi wa volkano nao una gesi za salfa, na shaba na salfa hazijawahi kupatana. Halafu kuna usukani wa kulia. Nchini Kongo magari hupita kulia, kwa hiyo dereva wa gari lililotoka Japani huketi upande wa ukingo wa barabara, penye vumbi, madimbwi, wachuuzi na chukudu, yaani skuta za mbao. Swichi kuu iko pale pale, mdomo wazi. Soda iliyomwagika humalizia kazi.

Faida za swichi iliyokufa ni nyingi kuliko zinavyodhaniwa. Dereva ambaye kioo chake hakishuki hawezi kujibizana na polisi wa barabarani kwa mwanya wa vidole viwili. Hushuka, hunyoosha mkono, huuliza habari za nyumbani, na mazungumzo yaliyokuwa yaanze kwa ukali huanza kwa watoto hawajambo. Kioo kisichopanda nacho hujenga ushirikiano: mmoja hubonyeza buto, mwingine aliye nje hukibana kioo kwa viganja viwili na kukivuta juu, wa tatu hutoa maagizo. Kikipanda, husimikwa kwa kipande cha ubao, na safari huendelea. Redio nzima haijawahi kuwaunganisha abiria namna hiyo.

Dunia nzima iliwahi kuinamia swichi hii. Mwezi Oktoba 2012 Toyota iliita zaidi ya magari milioni 7 kwa sababu ya swichi kuu ya kioo, ambayo grisi yake haikupakwa sawasawa. Wenye magari walionywa kwamba kilainishi cha dukani kingeweza kuiyeyusha na kutoa moshi. Mwaka 2015 yaliitwa mengine kama milioni 6.5, safari hii kwa grisi kuwa pungufu. Si injini, si breki: tone la grisi.

Kuisafisha swichi huanza kwa kutazama buto ya kufungia vioo. Ikiwa imebonyezwa, ugonjwa umekwisha, na jambo hilo halisimuliwi mbele za watu. Hufuata fyuzi, kisha hasi ya betri huondolewa. Kifuniko cha mlango huinuliwa kwa bisibisi bapa iliyoviringishwa kitambaa, plagi huchomolewa kwa kubana kishikizo chake, si kwa kuvuta nyaya. Kasha la swichi hufunguliwa ndani ya sinia pana, kwa kuwa aina nyingine zina springi na gololi ndogo zinazoruka, na gololi iliyoanguka kwenye makoro imekwenda. Ndimi za shaba zilizoungua na cheche huwa nyeusi. Hufutwa kwa pamba yenye spiriti, kisha kwa raba ya penseli. Msasa, tena laini sana, hutumika pale tu weusi unapokataa, maana shaba iliyokwanguliwa huungua upesi zaidi. Petroli, ingawa ipo karibu daima, hudhuru plastiki na hupenda moto. Sehemu zinazosuguana hupakwa grisi ya silikoni kidogo mno, ndimi zenyewe huachwa kavu.

Kabla ya kufunga, mita huonyesha kama ndimi zinagusana buto inapobonyezwa. Kioo kikishuka polepole ingawa swichi imepona, kosa huwa kwenye mpira wa fremu ulioshika vumbi. Huo husafishwa kwa kitambaa chenye maji na kupuliziwa silikoni. Ule ubao hautupwi. Huwekwa kwenye droo ya dashibodi, chini ya karatasi za gari.