Kiporo cha Leeds

Mama, shikamoo. Na ninyi wengine mliojazana hapo barazani kusomewa barua, hamjambo?

Mliniuliza Waingereza wanakula nini. Ulizeni wanakula nini kesho yake, ndipo mtakapoanza kuniombea dua.

Jumapili huku Leeds mama mwenye nyumba wangu huoka nyama ya ng'ombe, viazi, na vijibakuli vya unga wa ngano, mayai na maziwa viitwavyo Yorkshire pudding. Vikifura, humwagiwa mchuzi wa nyama. Hadi hapo sina neno. Jumatatu, viazi na kabichi vilivyobaki hupondwa pamoja, vikakaangwa mpaka vishike rangi. Ndiyo bubble and squeak, na Mama, haki ya Mungu, kitamu! Balaa ni vile vijibakuli. Jana vilikunywa mchuzi wa ng'ombe, leo vinapakwa jemu. Ya stroberi. Nilimtazama usoni nikijua ni utani, naye akanisogezea kopo.

Tena wana ushahidi wa maandishi. Mwaka 1861 Mrs Beeton, bingwa wao wa mambo ya nyumbani, alichapisha sandwichi ya tosti: chukua kipande cha mkate uliochomwa, kiache kipoe, kitie katikati ya vipande viwili vya mkate wenye siagi, nyunyiza chumvi na pilipili manga. Mkate ndani ya mkate! Aliiweka kwenye mapishi ya wagonjwa. Nadhani mgonjwa alipona haraka asije akaletewa ya pili. Lakini tusiwacheke sana. Kuanzia 1940 hadi 1954 hawa walikuwa wakipimiwa chakula kwa kadi, na wewe uliyepanga foleni ya sukari miaka ya 1980 unajua mtu akitoka huko hatupi hata ganda.

Basi asubuhi moja nikapasha wali wangu wa jana, chai ya rangi pembeni, nimekaa kama bwana harusi. Mama mwenye nyumba akapiga ukelele. Wali uliolala! Nitakufa! Huyu ndiye wa nyama na jemu, lakini kiporo kinamtoa jasho. Nilisoma, nikakuta ana hoja: kuna vijidudu vya wali vinavyostahimili kupikwa, na sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Huku wanashauri wali upoe upesi, uingie friji ndani ya saa moja, uliwe kabla siku haijapita. Nikamweleza kwamba kwetu wali hulala kwenye sufuria, ukoko na yote, na ukoo unazidi kuongezeka. Hakuridhika. Sasa wangu unalala friji.

Krismasi ndiyo iliyotupatanisha. Alinunua bata mzinga wa kulisha msiba, na sisi tuko wanne. Tarehe 26 tulimla baridi kwenye mkate. Ya 27, mkate tena. Ya 28 niliomba jiko, nikamtia bata tui la kopo, bizari, kitunguu saumu na ndimu, nikapika na wali mpya. Watu walinyamaza wakila. Kisha mama mwenye nyumba akainuka, akaleta mkate, akaupaka siagi, akajaza wali na mchuzi wa nazi ndani, akafunika.

Akanikatia nusu. Nilikula, Mama, na nikaongeza. Shangazi asiambiwe.