Muulize Koko: Hema la Watu Wanne

Koko hujibu barua akiwa Endulen, Ngorongoro, akipata nafasi. Asipopata, mvumilie.

*Shikamoo Koko. Mimi, mume wangu na watoto wawili tunataka kwenda kulala Ngorongoro na gari letu mwezi wa saba. Hatujawahi kulala kwenye hema hata siku moja. Dukani tumetajiwa bei za vifaa tukaona bora tununue pikipiki. Tuanzie wapi?*
*Mama Wawili, Njiro*

Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kuniuliza mimi, si yule mwenzangu wa ukurasa wa mapenzi, ambaye juzi juzi alimshauri mtu ampeleke mkewe "sehemu yenye baridi kidogo ili penzi lirudi" na asimwambie abebe blanketi. Nasikia ndoa ile sasa iko mbele ya wazee.

Kabla ya hema, ujue kwanza unaongea na nani. Kwetu Wamasai nyumba anajenga mwanamke. Fito nakata mimi, udongo nakanda mimi, samadi napaka mimi, na paa likivuja saa nane za usiku anayeamshwa ni mimi. Mama yangu alitoka Moru, kule Serengeti, mwaka 1959, wafugaji walipohamishiwa huku Ngorongoro. Alipakia nyumba yake kwenye punda: ngozi za kulalia, vibuyu, fito zilizokuwa bado na nguvu, na juu ya yote hayo akanipakia mimi. Wanasema nililia njia nzima. Siamini. Na tangu 2022 nimewaona majirani wakipandisha vyao kwenye malori kwenda Msomera, Handeni. Kwa hiyo swali la nini kipakiwe na nini kiachwe, ukoo huu umelijibu kwa vitendo, bila kwenda dukani.

Ulikuwa umeuliza nini? Ndiyo, bei.

Mwenye duka amekupigia hesabu ya mtu anayepanda Kilimanjaro. Mpandaji hununua wepesi. Hema lake lina kilo mbili, jiko lake linaingia kwenye kikombe, na kila gramu iliyopunguzwa kwenye mzigo imehamia kwenye bei. Wewe hupandi kitu. Wewe umekaa kwenye kiti, umefunga mkanda, unakula karanga. Mzigo unabebwa na gari, na gari halijawahi kumwambia mtu mgongo unauma. Beba kizito, beba cha zamani, beba cha nyumbani. Sufuria zako unazo. Chupa ya chai unayo. Dumu la maji la lita 20 liko nyuma ya mlango wa jikoni, usinidanganye. Vyakula na vyombo tia kwenye ndoo kubwa zenye mifuniko, maana vumbi la barabara ya huku juu hupenya hata kwenye nia njema. Mifuko ya plastiki iache. Imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na sitaki kusikia msomaji wangu amekwama getini kwa ajili ya mfuko wa nyanya.

Sasa hema. Limeandikwa "watu 4". Mwanangu, hao wanne ni watu waliolazwa kwa kupangwa, hawana mabegi, hawageuki, na hawana kinyongo. Familia ya watu wanne inunue la sita. Ukiwa na wasiwasi, fanya ninavyofanya mimi: lisimamishwe hapo hapo dukani, muingie wote mlale, na muuzaji alale katikati. Mwambie Koko ameagiza. Akikataa, hema hilo ni dogo na yeye analijua. Mkiisha kulala, angalia kitambaa cha nje. Kile kifuniko cha mvua kinatakiwa kishuke karibu na ardhi pande zote; kikiishia juu kama kofia, mvua ya upepo itawasalimia ubavuni. Halafu lijengeni kwanza uani, na mtoto mkubwa alimwagie ndoo mbili za maji baba yake akiwa ndani. Akitoka mkavu, hema ni zima. Akitoka amelowa, mtakuwa mmejua kasoro mkiwa Njiro, kwenye taulo, na si saa tisa usiku huku juu.

Pegi zinazokuja na hema mpe mtoto achezee. Ardhi ya huku ni majivu ya volkano yaliyoshindiliwa, na pegi za waya hupinda kabla hujazigonga vizuri. Pita duka la vifaa vya ujenzi Karatu, chukua misumari ya inchi sita na nyundo. Hela inayobaki utakunywa chai na chapati.

Na nikitaja majivu, siwezi kunyamaza kuhusu Laetoli, ambako si mbali na kwangu, ingawa wageni wanaokuja kupatazama hawajawahi kupitia kunisalimia. Miaka milioni 3.6 iliyopita, majivu yanayosemekana ni ya mlima Sadiman yalitua, yakanyeshewa, na wazee wetu wa kale kabisa wakapita juu yake kwa miguu. Majivu yakaganda. Nyayo zipo 70 hivi, kwenye njia ya mita 27. Nimeuliza kwa makini: hakuna tundu hata moja la pegi. Unajua zilivyogunduliwa? Mwaka 1976 wataalamu waliokuwa kwenye kambi ya mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey, watu wazima wenye digrii, walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, akajitupa chini kukwepa, akaona alama za wanyama kwenye mwamba. Miaka miwili baadaye zikaonekana za watu. Anayelala chini huku kwetu hugundua mambo, na la kwanza kugundua ni kwamba ardhi ni ya baridi.

Hapo ndipo hela yako iende. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, mara nyingine chini sana. Wageni hujifunika mablanketi manne wakashangaa mgongo unaganda. Baridi ile haitoki juu, inatoka chini. Blanketi unalolilalia hubonyea, hewa iliyokuwa ndani yake inatoka, na hewa ile iliyotulia ndiyo iliyokuwa inakulinda. Godoro la kupuliza nalo, lile la bei rahisi lisilo na kitu ndani, ni chumba cha hewa inayozunguka ikichukua joto lako kulipeleka ardhini. Toa godoro la sponji kwenye kitanda cha watoto, la inchi tatu au nne, likunje, lifunge kamba, litie garini. Mpandaji wa mlima akiliona atacheka. Mwache acheke, asubuhi atakuomba chai akitetemeka.

Juu ya hapo blanketi zito la kila mtu, soksi, kofia ya sufu. Slipingi begi nzuri ni nzuri, lakini usinunue mwaka huu. Arusha na Moshi wapo wanaokodisha vifaa vya wapanda mlima, na ukipita soko la Memorial pale Moshi utapata sweta na makoti ya mitumba ambayo wenyewe Ulaya waliyaacha yakiwa na kiangazi kimoja tu mwilini. Kodi, lala, kisha ndiyo uamue unataka kumiliki nini. Hata kwa mume wengine wangefaidika na utaratibu huo, lakini hiyo ni kazi ya ukurasa wa mwenzangu.

Mwisho kwako: usizibe madirisha yote ya hema kwa kuogopa baridi. Pumzi za watu wanne usiku kucha hugeuka maji kwenye kitambaa, yanadondoka, na asubuhi mtoto mdogo atasingiziwa. Acha upenyo juu. Mtoto wa watu hana kosa.

*Shikamoo Koko. Nina gari langu la Noah hapa Karatu. Wikiendi ijayo nawapeleka mashemeji kambi ya Simba kule Ngorongoro kulala. Nimepanga kupika maharage na nyama, na usiku niingize jiko la mkaa ndani ya hema tuote moto. Kuna cha kuongeza?*
*Baba Noah, Karatu*

Marahaba, baba. Cha kupunguza kipo. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, liwe linawaka au limebaki makaa tu. Hapo sitanii. Hewa inayotoka kwenye mkaa, kaboni monoksidi, haina harufu wala moshi, na watu hulala nayo wasiamke. La gesi pia lisiingie. Ukitaka moto wa kulala nao, chemsha maji, yatie kwenye chupa ngumu, funga sawasawa, ivalishe soksi, weka miguuni. Mashemeji watakusifu mpaka kwenye vikao vya harusi.

Sasa tucheke kidogo, maana umesema maharage. Baba, ukiwa pale juu maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 92, hayafiki 100, kwa sababu hewa ni nyepesi. Yanachemka, yanarukaruka, yanakuchekea, na maharage yanabaki kokoto. Nilimwona kijana mmoja kutoka Dar es Salaam akikoroga sufuria toka jua linazama mpaka watu wakaanza kuota ndoto, akalaumu maharage ya Karatu! Maharage ya Mbulumbulu! Nikamwambia, kijana, tusi hilo limefika mbali kuliko unavyodhani. Nikampa maziwa, akanyamaza. Chemsha maharage yako nyumbani yaive kabisa, yatie kwenye ndoo, pale juu uyaunge tu. Makande hali kadhalika. Nyama ikate vipande vidogo au uje nayo imekwisha kuchemshwa.

Kwa kupikia, ule mtungi mdogo wa kilo sita wenye jiko la kukaa juu unakutosha na zaidi. Usihangaike na vile vikopo vyembamba vya gesi. Vingi vina butani tupu, na butani ikikaribia sifuri hugoma kugeuka mvuke, moto unakuwa wa kubembeleza. Mtungi usafiri wima, umefungwa kamba, valvu imekazwa, na dirisha moja wazi. Kuni za kuokota porini sahau, hairuhusiwi.

Kuhusu Noah. Naiheshimu. Bila Noah nusu ya mkoa huu ingekuwa inatembea kwa miguu. Ila kreta haishuki. Kule chini wanataka gari la kuvuta magurudumu manne, na hata ukilipata, kulala chini ya kreta marufuku, mnapanda jioni. Angalia tairi la akiba lina upepo, jeki ipo, na spana inaingia kwenye nati zako, si za gari la jirani uliyemwazima. Beba na turubai moja kubwa na kamba ya manila. Turubai lifungwe kwenye kona za gari, upande wa pili miti miwili, umepata sebule. Mimi kwa turubai moja, fito sita na mchana mmoja najengea watu kumi, na ngozi ya kukalia, na mahali pa ndama. Nimewahi kuwaonyesha Wajerumani fulani. Walipiga picha za turubai, hawakunipiga mimi, hasara yao.

Turubai hilo hilo lisitandikwe chini likatokeza nje ya hema, maana litakinga mvua na kuipeleka chini ya godoro. Likunje liishie ndani ya ukingo wa hema. Hili hata wanaojiita wataalamu hukosea, na nimewaambia, na hawasikii.

*Shikamoo Koko. Shule yetu inakuja kambi Ngorongoro. Fisi anakula nini?*
*Kidato cha Pili, Mbulu*

Marahaba, mjukuu wangu. Ulichomwachia. Viatu hasa, vile vilivyooga jasho; usiku viingie ndani na wewe, hata vikinuka, vumilieni kama ndugu. Sufuria zioshwe kabla ya kulala. Matunda yasilale hemani kabisa, yafungiwe ndani ya gari, maana ndizi tembo anaisikia harufu akiwa mbali, na pale Simba tembo huja wenyewe mpaka kwenye tangi la maji wakanywa kama wenye mali. Mkishuka kreta mkasimama Ngoitokitok kula, kuleni ndani ya gari. Mwewe wa pale humnyang'anya mtu sambusa ikiwa imebaki nusu njia kufika mdomoni.

Kitu kimoja tu kinunuliwe kipya na kila mmoja awe nacho: tochi ya kuvaa kichwani, na betri za akiba. Ukitaka kutoka usiku, fungua zipu kidogo, mulika pande zote kwanza, polepole. Ukiona macho yanang'aa, rudi ndani, mkojo utasubiri. Nyati hapendi kushtuliwa. Ukiona hakuna macho, amka na mwenzako. Mwalimu akisema tochi ya simu inatosha, mwambie Koko anauliza simu ikizima nani atashika…

Nimeitwa. Gari la Karatu limeshapiga honi, dereva ni mkwe wangu kwa hiyo hawezi kuniacha, ila abiria wameanza kunung'unika. Barua nyingine wiki ijayo. Yule wa Sinza aliyeuliza kama anaweza kuja na kitanda cha mbao: unaweza, baba, njoo nacho, ila pima mlango wa hema kwanza.