Sifa za Bolti Isiyoingia Soketi

Washairi na waandishi wamekwisha kusifu majahazi, minazi na farasi, lakini bolti ambayo haiingii soketi yoyote iliyomo gerejini haijapata msifu hata mmoja, na haya ni mapungufu ambayo hayana budi kurekebishwa. Bolti inayokusudiwa hapa ni ile inayokutwa kwenye magari makuukuu ya Kiingereza, hasa Land Rover zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, ambazo zilienea Afrika Mashariki mikononi mwa mabwana shamba, wamisionari na askari wa wanyamapori, na ambazo baadhi yake bado zinapanda milima huku zikivuja oili bila wasiwasi. Soketi, yaani kile kikombe cha chuma kinachovishwa kichwa cha bolti kisha kikazungushwa kwa mkono wake, ndiyo hubebeshwa lawama pindi kazi inapokwama, ilhali heshima yote ya tukio hilo ni ya bolti.

Msifu huanza na nasaba, na nasaba ya bolti hii haina doa. Mzazi wake ni Joseph Whitworth, fundi wa Manchester aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay jijini London, ambaye mwaka 1841 alipendekeza kwamba karakana za Uingereza ziache mtindo wa kila moja kukata nyuzi kivyake, nyuzi zikiwa ni ile mifereji inayouzunguka mwili wa bolti na kushikana na nati, na badala yake zifuate kipimo kimoja chenye pembe ya digrii 55. Kabla ya hapo nati iliyopotea ilikuwa msiba mkubwa, kwa kuwa nati ya karakana ya jirani haikuingia. Kwa hiyo huyu anayeonekana leo kuwa mleta fujo alizaliwa ili akomeshe fujo, na kwa muda mrefu aliikomesha kweli.

Uungwana wake unadhihirika zaidi katika namba. Kwa mpango wa Whitworth, namba iliyochongwa kwenye spana au soketi haikutaja upana wa kichwa bali unene wa mwili wa bolti, kwa maana muungwana hapimwi kwa ukubwa wa kofia yake. Ilipofika Vita vya Pili vya Dunia, vichwa vilipunguzwa kwa saizi moja ili kuokoa chuma, na tangu wakati huo soketi iliyoandikwa 1/4 W ndiyo inayofungua bolti yenye mwili wa inchi 5/16, sawa na ile ya BSF, ambayo ni tawi la ukoo huohuo lenye nyuzi laini zilizosongamana. Namba hiyo, basi, haisemi upana wa kichwa, na kwa bolti iliyo mbele ya fundi haisemi hata unene wa mwili. Inasema jambo lililokuwa kweli zamani, na kuiacha ilivyo ni namna mojawapo ya kuwaheshimu wazee.

Kichwa cha bolti hiyo ya inchi 5/16 kina upana wa takriban milimita 13.3 kutoka ubapa hadi ubapa, na upana huu umechaguliwa kana kwamba kwa hekima ya makusudi. Soketi ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, haikaribii, ya 13 inagota ukingoni na kukataa, ya 14 inaingia bila kusita, na hapo ndipo ukarimu wa bolti unapoonekana. Fundi aliyelelewa na Toyota, ambaye dunia yake nzima inazunguka kati ya 10, 12, 14, 17 na 19, huipokea 14 kwa shukrani, akaukamata mkono na kuvuta. Mwanya wa milimita 0.7 unaipa soketi nafasi ya kujipinda kidogo kabla ya kushika, hivyo nguvu yote inaangukia kwenye kona badala ya kwenye bapa. Kona inajikunja, uzi mwembamba wa chuma unaong'aa unachomoza pembeni, soketi inaruka, vifundo vya vidole vinagonga chesisi, na kichwa kilichokuwa na pembe sita kinaanza safari ya kuelekea kwenye duara. Ni vigumu kutaja shule inayofundisha jiometri kwa kasi hiyo.

Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya nyuzi za pamoja, na Land Rover za mfululizo wa pili, zilizotoka mwaka 1958, zikazipokea sehemu nyingi, lakini bolti za BSF zikaendelea kuishi ndani ya giaboksi, hata likapatikana gari moja lenye serikali mbili, mpango ambao Watanzania hawahitaji kuelezwa. Kilele cha sanaa hii, hata hivyo, kimo katika injini ya XPAG ya magari ya MG. Kampuni ya Morris ilinunua mwaka 1923 kiwanda cha Hotchkiss kilichokuwa Coventry, ambacho mitambo yake ilikata nyuzi za milimita za Kifaransa, na urithi huo ukazaa bolti yenye nyuzi za milimita chini ya kichwa cha Whitworth, ili spana ya Kiingereza iingie na nati ya Kiingereza isiingie.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni rahisi: kutu na rangi zikwanguliwe kwanza, kichwa kipimwe kwa vernia, yaani kile kipimo cha kubana kinachosoma sehemu ndogo za milimita, kisha itafutwe soketi ya Whitworth yenye pembe sita ndani, kwa sababu hiyo hukumbatia ubapa, wakati ile ya pembe kumi na mbili hushika karibu na kona. Ushauri huu ni sahihi kabisa na hauna ladha. Anayeufuata humaliza kabla ya chai ya saa nne, na hakuna anayefaidika ila mwenye gari. Anayeupuuza huwapa riziki muuza mafuta ya taa, ambayo humwagiwa bolti ili yapenye kutu, na mchomeleaji, anayeunganisha nati mpya juu ya kichwa kilicholika, ambapo joto la kazi hiyo huvunja kutu hata bolti ikasalimu amri. Mombasa na Tanga, ambako hewa ya chumvi huifungamanisha bolti ya chuma na bodi ya aluminiamu kwa nguvu isiyo na talaka, mchomeleaji hapati likizo.

Bolti ikishang'oka, tundu lake huchongwa upya kwa nyuzi za milimita 8, tofauti ya unene ikiwa ndogo mno kumzuia mtu, na ndani yake huwekwa bolti ya Toyota yenye kichwa cha 12. Fundi wa miaka kumi ijayo, aliyesoma, akapima magari mengine ya aina hiyo na kuagiza soketi za Whitworth kutoka Uingereza kwa gharama kubwa, ataivisha bolti hiyo soketi yake mpya ya 1/4 W, nayo itacheza, igote kwenye kona tupu na kuruka.